Washa hita, mjomba

Ijumaa moja ya Februari 2009, saa nane na nusu mchana, nilikwama Manzese na Peugeot 504 ya mjomba wangu, toleo la 1976. Mwenyewe alikaa pembeni yangu na kanzu yake nyeupe aliyotoka nayo msikitini Kariakoo, tunarudi Kimara. Wanaoikumbuka Ubungo ya mataa, kabla ya daraja la Kijazi, wanaijua foleni ile. Kichwa mataani, mkia Urafiki, na siku mbaya kama ile mkia ulitufuata hadi Manzese.

Kutoka Fire hadi Magomeni mshale wa joto ulitulia katikati. Gari likitembea, upepo unajiingilia wenyewe kwenye rejeta. Tuliposimama, mshale nao ukaanza safari. Feni ya 504 haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme inayoikamata feni pale injini inapopata joto, na kuiachia injini ikipoa. Nikatega sikio nisikie inavuma. Nikasikia honi za daladala tu.

"Mjomba, gari linataka kuchemsha."

"Washa hita."

Nilidhani jua limempata. Hita, Dar es Salaam, Februari! Hata swichi yake nilikuwa naitafuta kwa macho.

"Mjomba, sitanii," akasema, maana na yeye huniita mjomba. "Hita ni rejeta ya pili. Maji ya injini yanapita humo humo, feni ndogo inayapuliza. Joto hilo lisipokuja kwetu litabaki kwenye silinda hedi. Chagua mwenyewe."

Kishikio cha kufungulia maji kilikuwa kimeganda. Sidhani kama kiliguswa tangu enzi gari hilo likienda Iringa. Nikakisukuma kwa kiganja mpaka kikaachia kwa mkwaruzo. Feni ya hita ikakohoa, kisha matundu ya dashibodi yakatutemea majani makavu ya mwarobaini, ule mti ambao gari lililala chini yake miaka yote, pamoja na vumbi na bawa moja la mende. Vyote vikatua kwenye kanzu. Mjomba akalishika lile bawa kwa vidole viwili, akalitupa nje, hakusema neno. Ndipo likaja joto lenyewe, kwanza miguuni, halafu usoni, kama kuinamia sufuria ya ubwabwa.

Muuza maji akaingiza mkono dirishani, akauchomoa haraka.

"Shikamoo mzee. Mnachoma nini humo?"

"Marahaba. Injini. Lete nne."

Kijana mwingine, wale wasamaria wa foleni, akaona kimvuke kinafuka puani mwa gari na tayari alikuwa ananiashiria nifungue boneti ili ageuze mfuniko wa rejeta. Mjomba alimfokea mpaka abiria wa daladala ya jirani wakageuka. Maji yaliyobanwa na mfuniko yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua, yanachemka kwa mkupuo mmoja, na aliyeinama hapo ndiye anayeyapokea.

Nikaweka nyutro na kupiga resi kidogo ili pampu isukume maji. Mshale ukasimama. Haukushuka, ulisimama tu, upana wa ukucha chini ya wekundu, na hapo ukakaa karibu saa nzima. Jasho lilikuwa linanidondoka kwenye usukani. Tulipovuka mataa na kuanza kupanda kuelekea Kibo, upepo ukaingia, mshale ukateremka taratibu.

Kesho yake fundi akaja na dawa ya mafundi wetu wote: kung'oa thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mjomba akakataa katakata, na naona alikuwa sahihi. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto wake wa kazi, inakula mafuta bure, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Wetu ulikuwa kwenye feni: kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku ilikuwa imelika, imebaki punje ya mchele. Fundi akachukua kaboni ya dinamo, akaisugua kwenye msasa mpaka ikaingia, na feni ikavuma.

Kasoro kishikio cha hita. Nilipokirudisha, waya wake ukakatika, maji yakabaki wazi. Hadi masika yanaingia nilikuwa naendesha gari lile na ndala, madirisha yote chini, nikichomwa vidole vya miguu.