Apdeti ya mradi: Maldivi ndani ya tenki la kioo, sasa tuko kwenye mawimbi

Habari za wikiendi wadau. Mlioulizia modeli yangu ya Maldivi, ile nchi ya visiwa vifupi kwenye Bahari ya Hindi, imefika wapi, maji yameshaingia na tenki halivuji, fundi aluminiamu wetu wa huku Mbagala kapiga silikoni ya kutosha, hapo sina neno.

Skeli ya kwenda juu ni sentimita 1 kwa nusu mita ya kweli. Upana nimeukadiria tu, ningeufuata ningehitaji ukumbi wa harusi. Sasa ona, nchi nzima ina visiwa karibu 1,200 na sehemu yake ya juu kabisa ya asili ni kama mita 2.4, yani kwenye tenki haifiki hata sentimita 5!

Watoto wa jirani kila wakija ni "anko ongeza maji tuone vinavyozama". Ndo picha iliyopo vichwani mwa watu wengi, hata Mohamed Nasheed alipokua rais wao aliitumia vizuri, 2009 akapeleka baraza la mawaziri chini ya bahari na mitungi ya hewa mgongoni wakasaini tamko huko huko. Ila aisee kuongeza maji taratibu ndo jaribio linaloboa kuliko yote, kisiwa kinakaa tu mpaka maji yapite juu basi. Mambo yanaanza ukipiga wimbi.

Nimeweka visiwa viwili vya mchanga, urefu sawa, katikati kizuizi cha kioo. Kimoja nimekizungushia vipande vya dodoki, nimevishikiza chini na jipsamu maana dodoki likiachwa linaelea, hayo ndo matumbawe yangu. Kingine kiko uchi. Nikasukuma maji kwa ubao, kina kile kile, nguvu ile ile kadri mkono ulivyoweza. Cha uchi kililiwa upande wa mbele mchanga wote ukahamia nyuma, cha dodoki kililowa kingo tu. Wimbi linavunjika kwenye yale matundu, likifika ufukweni halina kitu.

Ndo maana nawaambia watu msiangalie kina cha maji peke yake. Malé, mji mkuu wao, ilifunikwa na mawimbi 1987, na baadae Wajapani wakasaidia kuizungushia ukuta na mazege ya miguu minne, lakini kabla ya hapo watu walishachimba matumbawe miaka na miaka kujengea nyumba (na sisi tuliochoma matumbawe tupate chokaa na kuvua kwa mabomu wala tusiwacheke). Alafu joto la bahari likayapausha vibaya 1998 (yanakua meupe na mengi yanakufa), likarudi tena 2016. Na mchanga wenyewe mwingi unatoka kwa pono, huyu huyu tunaemnunua Feri, anatafuna matumbawe anakunya mchanga. Kwaiyo mwamba ukifa umepoteza ukuta na mchanga kwa mpigo.

Jirani kaniuliza si wajenge kuta kote. Visiwa vinavyokaliwa na wenyeji ni karibu 190, nani atalipa? Hulhumalé, kisiwa cha kutengeneza walichoanza kukijaza mchanga baharini 1997, ina kama mita 2, nimeichonga kwa foamu, sentimita 4, imekaa poa.

Kinachofuata ni mota ya waipa ya gari isukume ubao, mkono umechoka na mawimbi hayalingani. Anaejua maduka ya spea ya Gerezani wanauza shingapi ya volti 12 iliyo nzima aniambie, nataka ile yenye spidi mbili.