Betri ya Tochi Kibuye

Pikipiki ilikuwa Honda Gold Wing GL1500, silinda 6, cc 1520, ya zamani kiasi kwamba redio yake bado ilikuwa ya kaseti. Spika zake za mbele zilikuwa za karatasi. Sasa wewe panda Kericho alasiri uone kama hutanyeshewa. Spika zikalowa, zikaanza kukwaruza, halafu moja ikachanika kabisa.

Duka moja mjini Kisumu likaniuzia spika za plastiki na amplifaya, wakafunga wenyewe. Kabla sijafika Kondele nilijua kuna kitu. Kelele ipo, besi hakuna. Na kila nikivuta mafuta, mlio mwembamba kama wa mbu ulipanda pamoja na injini. Niliporudi waliniambia amplifaya ni ndogo, ninunue kubwa zaidi. Hapo nikawashuku, maana ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, na kwenye upepo wa kilomita 100 kwa saa hizo utazisikia kwa shida.

Rafiki akanipeleka kwa fundi wa redio karibu na soko la Kibuye, kijana mpole mwenye kibanda kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo.

"Zima kwanza, jaduong'," akaniambia, yaani mzee kwa Kijaluo.

Mita aliiacha mezani. Alichukua betri ya tochi, ile ya volti 1.5, akachomoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Ule waya uliokuwa kwenye chanya akaugusisha chanya ya betri, na wa pili hasi. Spika ya kushoto ikatoa *tap*, koni yake, ile sehemu inayotikisika, ikaruka nje. Akahamia ya kulia, akafanya vilevile. Koni ikazama ndani. Akarudia polepole ili nione vizuri.

"Hawa wanapigana," akasema. "Huyu anasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Besi itatoka wapi?"

Kugeuza nyaya mbili za kulia hakukumchukua muda. Ule mlio ndio uliomtoa jasho. Waya wa hasi wa amplifaya ulikuwa umebanwa kwenye bolti yenye rangi inayozuia umeme, mbali na betri. Akaukata, akavuta mwingine moja kwa moja hadi kwenye hasi ya betri. Nyaya za sauti akazitenganisha na ule mnene wa umeme. Kisha akaniuliza fyuzi iko wapi. Haikuwepo! Waya mnene vile, unapita karibu na tangi la mafuta, na mtu amepokea pesa zangu akaniaga kwa tabasamu. Kukosa besi ningesamehe.

Akaweka fyuzi kando ya betri, nikamlipa, nikatoka kuijaribu kuelekea Ahero. Gitaa la besi la benga lilikuwa linatembea waziwazi hata nilipopita lori. Pale Ahero vijana wa boda wakanizunguka, mmoja akainamia spika akataka kujua nimeongeza wati ngapi.

"Ni zilezile," nikamwambia.

Hakuniamini. Nikamwelekeza Kibuye.