Nilivyolipima upya dishi la Baba

Fundi alipomaliza kufunga dishi kwenye nyumba ya Baba hapa Busia, upande wa Uganda, picha ilikuwa safi kama kioo. Ilikuwa mwisho wa Februari, jua kali, mbingu haina hata wingu. Alipitisha chaneli tatu nne, Baba akaona taarifa ya habari ikisomwa kwa Kiswahili, akaitikia kwa kichwa. Nikamlipa fundi Sh 50,000 tulizokubaliana, akapanda boda akaenda zake. Sikumwomba anionyeshe ukurasa wa mawimbi. Nilitazama picha, nikaona inatosha.

Baba ni mwanajeshi mstaafu. Kiswahili tunachozungumza nyumbani tulitoka nacho kambini, na majirani mpaka leo wanamwita Afande. Miaka ya karibuni magoti yamemkataa, kwa hiyo hatoki tena kwenda kutazama mpira na wenzake kule Sofia. Ile dikoda (king'amuzi) ya Azam TV, pamoja na Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ndiyo baraza lake siku hizi. Kwa hiyo mawimbi yakikatika si jambo dogo kwangu. Yakikatika, mzee anabaki peke yake na ukuta.

Wiki ya pili ya Machi mvua zikaanza, na picha ikaanza kuvunjika. Kwanza vipande vya miraba, sauti inakwaruza, kisha maandishi kwamba hakuna mawimbi. Baba akasema, "Ni mvua tu, kijana. Itaisha." Na kweli mawimbi ya dishi dogo hudhoofishwa na mvua. Yanapita kwenye masafa ya gigahezi 11 au 12 hivi, na matone makubwa huyameza na kuyatawanya. Lakini kilichonisumbua ni kwamba mvua iliisha, jua likatoka, kuku wakarudi uani, na picha bado imevunjika. Ilichukua karibu saa mbili kurudi. Siku ya pili vivyo hivyo. Mvua haikai hewani saa mbili baada ya kukatika, kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine.

Nikachukua rimoti, nikaingia kwenye mipangilio mpaka nikafika ukurasa wenye pau mbili, moja ya nguvu na nyingine ya ubora. Watu wengi huangalia ile ya nguvu kwa sababu ndiyo huwa ndefu. Nguvu inakuambia tu kwamba kuna kitu kinachofika kutoka kwenye LNB, kile kichwa kidogo kilichokaa mbele ya dishi. Hata dishi likitazama mahali pasipo na setilaiti yako, upau huo unaweza kusimama juu vizuri. Ubora ndio unaosema kama dikoda inakielewa kinachofika. Yetu ilionyesha nguvu 81 na ubora 48, mchana wa jua. Picha ilikuwa safi, lakini ilikuwa imesimama ukingoni. Kwa siku chache nilizozifuatilia niliona ubora ukishuka chini ya 40 hivi miraba inaanza. Namba hizi ni za dikoda yetu, kila aina ina kipimo chake, ila utaratibu ni huohuo: tafuta namba ambayo picha yako huanza kuvunjika, halafu uone umesimama mbali nayo kiasi gani.

Nikafungua daftari la shule, nikachora safu nne: saa, hali ya hewa, nguvu, ubora. Asubuhi, mchana, jioni, na kila mvua ikinyesha. Daftari hilo lilinisaidia kuliko kifaa chochote.

Kabla ya kugusa dishi nilianza na waya, maana ndiko kwenye makosa mengi na hakuhitaji ngazi. Nilichomoa dikoda kwenye umeme kwanza. Huo waya haubebi picha peke yake, unapeleka umeme kwenye LNB pia: volti 13 kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa mawimbi ya ulalo. Uzi wa shaba wa katikati ukigusana na wavu wa nje unaouzunguka huku dikoda inawaka, unaweza kuiunguza. Na volti zikipungua njiani kwa sababu ya kutu au konekta (kichwa cha kuungia waya) iliyolegea, LNB haijui tena imeambiwa ifanye nini, ukakuta kundi zima la chaneli limepotea na mengine yapo.

Konekta ya ndani ilikuwa nzuri. Ya nje, kwenye LNB, niliifungua kwa vidole viwili bila spana, kumaanisha haikuwahi kukazwa. Ndani yake waya wa shaba ulikuwa umeanza kuwa wa kijani, na unywele mmoja wa wavu umejikunja ukielekea katikati, umebakisha upana wa ukucha kugusa. Nilikata kipande chote, nikamenya upya, nikarudisha nyuzi za wavu nyuma ya konekta moja moja, nikakaza, nikafunika kwa kifuniko cha mpira. Waya nikauacha uning'inie kidogo chini ya LNB kabla ya kupanda ukutani, ili maji yadondokee hapo badala ya kuingia ndani. Ubora ukawa 53 na ukaacha kuchezacheza upepo ukivuma.

Kisha nguzo. Nilifunga jiwe kwenye uzi, timazi ya maskini, nikaliacha lishuke sambamba na bomba linaloshika dishi. Bomba lilikuwa limelala kuelekea barabarani. Hili si jambo la urembo. Bomba letu lina kipenyo cha sentimita 5, na ukilizungusha dishi juu yake kwa nusu milimita tu umeshaligeuza kwa zaidi ya nyuzi 1. Setilaiti iko takriban kilomita 36,000 juu, na kule nyuzi 1 ni zaidi ya kilomita 600. Nguzo isiposimama wima, kila unaporekebisha upande mmoja unaharibu mwingine.

Tulipoinyoosha, Baba akaomba kazi. Nilimkalisha mbele ya televisheni, simu yake ikiwa wazi, yangu mfukoni, nami nikiwa kwenye ngazi. Mzee akasoma namba kwa sauti ya gwaride. "Hamsini na moja. Hamsini na moja. Hamsini na sita. Simama hapo! Sitini." Nilikuwa nasogeza dishi kidogo sana, halafu nahesabu mpaka tano kabla ya kusogeza tena, kwa sababu dikoda inachelewa sekunde kadhaa kuonyesha mabadiliko. Ukiwa na haraka unapita pale panapofaa bila kujua. Nilikwenda mpaka namba ikaanza kushuka, nikarudi, nikapita upande wa pili mpaka ikashuka tena, nikaweka katikati. Kwanza kulia na kushoto, kisha juu na chini.

Mwisho LNB yenyewe. Setilaiti tunayoitumia iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki, na sisi Busia tuko karibu nyuzi 34, kwa hiyo dishi linatazama magharibi kabisa, juu kwa nyuzi kama 58. Hapa karibu na ikweta, setilaiti ikiwa magharibi hivyo, LNB inabidi izungushwe karibu robo duara ikilinganishwa na jinsi ingekaa kwa mtu anayeitazama moja kwa moja kaskazini au kusini yake. Fundi alikuwa ameizungusha, lakini hakuifikisha. Nililegeza kibano, nikaigeuza kidogo kidogo. "Sitini na nne. Sitini na nane. Sitini na nane. Sitini na tano, rudi!" Tukakaza kwenye 68.

Kutoka 48 hadi 68. Nilidhani tumemaliza. Jioni ile mvua ikanyesha, ubora ukaanguka hadi 37, na baada ya mvua ukabaki 41 kwa zaidi ya saa moja.

Jibu lilinijia kutokana na kalenda. Setilaiti za televisheni zote hukaa juu ya ikweta, uleule mstari ambao watu hupigia picha pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka. Busia iko kilomita kama 50 tu kaskazini yake. Na kila mwaka, karibu na tarehe 20 Machi na tena karibu na 23 Septemba, jua nalo hupita juu ya ikweta. Siku hizo jua linatembea barabara moja na setilaiti. Kwetu hapa, mwezi Machi, linafika mbele ya setilaiti ya nyuzi 7 karibu saa 9 alasiri. Kwa dakika chache mawimbi huweza kuyumba kwa sababu jua lenyewe nalo linatoa mawimbi yanayoingia kwenye LNB kama kelele, na hilo si kosa la mtu. Lakini dakika hizo zina faida: mahali jua lilipo ndipo setilaiti ilipo. Kikilikinga dishi kivuli cha kitu chochote wakati huo, kitu hicho kimesimama njiani.

Tarehe 21 nikakaa uani kuanzia saa 8 na nusu. Ilipokaribia saa 9, kivuli cha tawi la mwembe wa jirani kikapanda ukutani polepole, kikalifunika dishi nusu yake ya juu, majani yakicheza juu ya rangi ya kijivu. Februari majani yale hayakuwa na maji na tawi lilikuwa bado halijachipua, mawimbi yakipenya. Mvua ilipokuja tawi likachipua, na kila jani likabeba maji. Majani mabichi yaliyolowa huzuia mawimbi haya vibaya, na hayakauki kwa sababu tu mvua imekatika.

Nilikwenda kwa mwenye mwembe. "Mama, habari za mchana?" Akanikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, lile tawi lina maembe. Ngojeni niyavune. Mwambie Afande nampa ndoo nzima, lakini msilikate." Alikuwa na haki. Ni mti wake, na ulikuwepo kabla ya dishi letu.

Basi tukahamisha dishi. Kwa pembe ya nyuzi 58, kila mita moja unayojitenga na mti, njia ya mawimbi inakuwa imepanda mita 1.6. Mwembe unalizidi dishi kwa kimo cha mita 6 hivi, kwa hiyo ncha zake zilihitaji kuwa angalau mita 4 kutoka kwenye dishi. Kona ya mashariki ya nyumba ilinipa mita 7, nafasi hata ya mti kuongezeka. Nilinunua waya mpya mzima badala ya kuunga ule wa zamani, kwa sababu kila kiungo cha nje ni mlango wa maji. Kazi ya ngazi tuliimaliza asubuhi. Ukanda huu wa Ziwa Viktoria una radi nyingi, na radi ikisikika hata kwa mbali mimi huwa nimeshashuka.

Bomba kwa timazi, konekta, kulia na kushoto, juu na chini, LNB, Baba na simu yake. Ubora 74.

Daftari liliendelea wiki tatu zaidi. Mvua ya kawaida: 58, 61, 57. Mvua kubwa ya tarehe 9 Aprili, ile iliyong'oa mabati sokoni: 29, picha ikakatika dakika kumi na moja, kisha 70 mara tu mvua ilipopungua, bila kusubiri chochote kikauke. Hiyo ya dakika kumi na moja siwezi kuiondoa kwa dishi la ukubwa huu, nami nimekubaliana nayo.

Jana usiku ilinyesha tena. Nilikuwa jikoni nikisikia matone yakigonga bati na mtangazaji wa mpira akiendelea kutangaza. Baba hakuulizwa na mtu. Aliingia kwenye mipangilio mwenyewe, akapaza sauti: "Hamsini na tisa!" Kisha akarudi kwenye mechi.