Amelipa, hajachukua

Daftari la zizi huwa na safu ya waliouzwa na safu ya waliobaki. Katikati kuna kundi lisilo na pa kuandikwa: mnyama aliyekwisha kulipiwa na bado anakula hapa. Jioni ya leo nimetulia na wazo hilo moja, maana naona wafugaji tunalichukulia kirahisi. Pesa ikishaingia, moyo unapoa, na mtu anajiambia kwamba shida iliyobaki ni ya mnunuzi. Naona ni kinyume. Mnyama ambaye hajauzwa ni wako. Unaweza kumhasi, kumhamisha, kumchinja, kumuuza kesho asubuhi. Aliyelipiwa ni mali ya mtu iliyoachwa mikononi mwako, na mali hiyo ina tumbo.

Kitanda kilicholipiwa kikisahauliwa kwa seremala kinashika vumbi tu. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji kila siku chakula kikavu cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake, yaani gramu 900 hadi 1,200. Majani mabichi kwa sehemu kubwa ni maji. Yakiwa na ukavu wa asilimia 20, kiasi hicho ni kilo 4.5 hadi 6 za majani, bila kuhesabu yale anayoyakanyaga na kuyakojolea. Ng'ombe wa kilo 300, kwa asilimia 2.5, anataka kilo 7.5 za chakula kikavu, ambazo ni kilo 37 hivi za majani mabichi, na maji lita 30 hadi 50 kulingana na joto. Nguruwe anayekaribia kuchinjwa anamaliza kilo 2.5 hadi 3 za chakula cha kuchanganya. Zidisha kwa siku 30 na utaona kwa nini faida ya mauzo mazuri hupotelea horini bila mtu kugundua. Haipotei kwa mkupuo. Inapotea ndoo kwa ndoo.

Kuku wa nyama ndio wabaya kuliko wote. Wakifika wiki ya 6 kila mmoja hula karibu gramu 180 hadi 200 kwa siku, kwa hiyo kuku 200 wanaomsubiri mnunuzi wanakula kilo 36 hadi 40 kila siku, na kila kilo ya chakula inazalisha nyama kidogo kuliko ya wiki iliyopita. Banda lililopangwa kuku 10 kwa mita moja ya mraba linabeba kilo 20 kwa mita kuku wakiwa na kilo 2. Wakifika kilo 3 linabeba kilo 30. Hapo maranda yanalowa, hewa inakuwa kali ya mkojo, miguu inalegea, na siku ya joto kali wanaanza kufa waliokuwa wazito kuliko wenzao. Juu ya hayo, vifaranga wapya hawawezi kuingia mpaka banda liwe tupu, lisafishwe na kupumzishwa. Kwa kuku wa nyama, mnunuzi kuchelewa siku 3 ni jambo zito. Ndiyo maana siungi mkono kupokea malipo yote ya kuku wa nyama kabla ya siku yenyewe ya kuwachukua. Malipo ya awali ya kumfunga mnunuzi yanatosha.

Tena kuna hili la kuuza "kuku 50" kati ya 500. Mpaka hao 50 watengwe, hakuna anayeweza kusema ni yupi wa mnunuzi. Wakifa 30 usiku, wamekufa wako. Mbuzi mwenye hereni sikioni yenye namba iliyoandikwa kwenye risiti ni habari nyingine.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba mnyama habaki yule uliyemuuza. Mtoto wa nguruwe aliyelipiwa akiwa na wiki 8 na kilo 15, akikaa miezi mitatu kwa lishe nzuri, anapita kilo 60. Mnunuzi atasema ni wake, na mwili ule ni wake kweli, ila umejengwa kwa chakula chako. Mbuzi dume wa miezi 4 anaweza kumpanda jike, hata kama kwa macho bado ni mtoto. Mbuzi jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo akikaa zizini wiki tatu na dume uwezekano wa kuondoka na mimba ni mkubwa, na miezi mitano baadaye kuna mtoto ambaye hakuwemo kwenye mapatano. Kumhasi dume ili aache kusumbua ni kishawishi, lakini kama alinunuliwa kwa ajili ya mbegu, umemharibu mnyama wa mtu. Jibu ni kutenga: madume waliolipiwa kivyao, majike waliolipiwa mbali na madume wote, tangu siku ya malipo. Kama hakuna nafasi ya kutenga, basi hakuna nafasi ya kupokea malipo ya mapema. Nalisema hilo nikijua wengi wetu hatuna nafasi.

Ng'ombe wa maziwa ana fumbo lake. Hawezi kuachwa bila kukamuliwa kwa sababu mwenyewe hajafika. Kiwele kitajaa, kitavimba, na ugonjwa wa kiwele unaweza kuingia. Maziwa yale ni ya nani? Njia inayoepusha ugomvi ni kuandikiana kwamba maziwa ya siku za kungoja yanalipia malisho na kazi ya kukamua, na ndama akizaliwa anamfuata mama yake. Mayai vivyo hivyo. Bila kuandikiana, kila upande unapiga hesabu zake kimoyomoyo, na hesabu za kimoyomoyo hazijawahi kulingana.

Kuhusu sheria: nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Waingereza zina sheria ya mauzo ya bidhaa iliyochipuka kutoka ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Ndani yake mna kifungu kinachotuhusu kabisa. Muuzaji akiwa tayari kukabidhi, akamwomba mnunuzi aje kuchukua, na mnunuzi asije katika muda wa kuridhisha, mnunuzi anawajibika kwa hasara iliyotokana na kuchelewa kwake na kwa gharama ya haki ya utunzaji. Tazama neno "akamwomba". Saa haianzi kuhesabu kwa sababu wewe umechoka. Inaanza pale unapomwambia aje, na ukaweza kuonyesha kwamba ulimwambia. Jambo la pili ni gumu kumeza: haki ya kumuuzia mwingine baada ya kutoa taarifa amepewa muuzaji ambaye hajalipwa. Aliyelipwa chote hana haki hiyo. Akimuuza mnyama yule bila ruhusa iliyoandikwa, anauza mali ya mtu.

Basi yote yanarudi kwenye karatasi ya siku ya mauzo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa habari inayotakiwa si nyingi: namba ya hereni, jinsia, umri, rangi na alama, uzito wa siku ile, picha ya kila upande na ya uso. Asiye na mzani atumie utepe: mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishwe kwa mzingo huohuo, kisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, vyote kwa sentimita, ugawanye kwa 10,840. Mbuzi wa mzingo 70 na urefu 62 anatoka na kilo 28. Ni makadirio, lakini makadirio yaliyosainiwa na wawili yanashinda kumbukumbu ya mmoja. Kisha tarehe ya kuchukua, na iwe tarehe kweli, si "wiki ijayo". Siku ngapi za bure baada ya hapo. Gharama ya kila siku baada ya siku hizo, kwa tarakimu. Nani mwingine anaruhusiwa kuchukua. Nani anabeba hasara mnyama akifa kabla ya tarehe, na nani baada yake. Ruhusa ya kuita daktari wa mifugo bila kungoja simu ipokelewe. Na sentensi moja inayosema kwamba zikipita siku kadhaa baada ya taarifa ya mwisho, muuzaji anaweza kumuuza mnyama, akate gharama zake, na salio amrudishie mnunuzi. Sentensi hiyo ikikosekana, yote yanayofuata yanakuwa ya kubembelezana.

Sababu za kutokuja hazifanani, na kumtendea kila mtu kama tapeli ni makosa. Kuna aliyekosa gari. Kuna aliyelazwa, au amefariki na nduguze hawajui kwamba ana ng'ombe mahali. Kuna karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo iliyofunga njia, na hapo mnunuzi hana kosa, wala huwezi kumruhusu apite kwa mlango wa nyuma. Halafu kuna yule mjanja anayenunua miezi miwili kabla ya sikukuu, bei ikiwa chini, akijua atakuja bei ikipanda. Huyo hajachelewa. Ameligeuza zizi lako ghala, na wewe mlinzi na mlishaji usiye na mshahara. Dawa yake ni gharama ya siku. Ukiitaja mapema ama atachukua mnyama wake ndani ya wiki, ama atalipia utunzaji, na kulisha mnyama wa mtu kwa malipo ni kazi halali kabisa.

Tarehe ya kuchukua ikipita, piga simu siku inayofuata, kwa upole. Siku ya 3, ujumbe wa maandishi: mnyama yuko tayari tangu tarehe fulani, namba yake ni hii, naomba uje, gharama zitaanza tarehe fulani. Siku ya 7 mpe njia za kuchagua: asafirishiwe kwa gharama yake, akae kwa malipo ya utunzaji, umnunue tena kwa bei mtakayokubaliana, au umuuze mnyama kwa niaba yake. Wanunuzi wengi waliokwama wanaona aibu kurudi, na wakipewa mlango wanapita. Siku ya 14 ndiyo taarifa ya mwisho, yenye tarehe ya mauzo, nakala ikibaki kwako na nyingine kwa shahidi au kiongozi wa eneo. Siku hizi ni za mbuzi na ng'ombe. Kwa kuku wa nyama zifupishe ziwe saa. Kila siku ya malisho iandikwe siku hiyohiyo, pamoja na dawa ya minyoo, ya kupe, na chanjo. Orodha iliyoandikwa yote kwa kalamu moja usiku mmoja inajulikana tu.

Kuna upande wa giza pia. Mtu ambaye hajamwona mnyama, haulizi umri wala afya, anatuma pesa zaidi ya bei, kisha anaomba ziada umtumie msafirishaji wake. Msafirishaji hayupo. Baada ya siku chache malipo ya kwanza yanabatilishwa, na ile ziada uliyotuma ilikuwa yako. Ndugu yake ni yule anayelipa, anakaa kimya, kisha anataka arudishiwe kupitia akaunti au namba nyingine. Kanuni hapa haina mjadala: pesa hurudi kulekule zilikotoka, baada ya benki au mtandao wa simu kuthibitisha kwamba zimetulia. Na mgeni anayekuja na gari akisema "nimetumwa" aonyeshe neno la siri mlilokubaliana na mnunuzi siku ya malipo. Ukimkabidhi mnyama mtu asiye mwenyewe, bado unamdai mwenyewe gharama na yeye anakudai ng'ombe.

Ikifika kuuza, uza mahali pa wazi, mbele ya mashahidi wawili, kwa bei ya soko ya siku hiyo. Usimuuzie shemeji. Usijiuzie. Kata malisho, dawa na usafiri wa kwenda sokoni, basi. Usumbufu hauna risiti. Salio likae kando, na mnunuzi aelezwe kwa maandishi ni kiasi gani na liko wapi.

Mnyama akiugua, mpigie simu mwenyewe na daktari siku hiyohiyo. Akifa, picha, hereni, na maelezo ya daktari vihifadhiwe kabla ya kufukia. Kumchinja mgonjwa haraka ili "kuokoa nyama" ni kosa juu ya kosa: hujui anaumwa nini, na huenda dawa bado iko mwilini. Wala usimbadilishe kimyakimya na mwingine wa rangi hiyohiyo. Hata mnunuzi asipotambua, yule wa kwanza aliandikwa.

Na wapo wanaokuja mwishowe, baada ya miezi, wamevaa tabasamu. Hapo toa picha na risiti kwanza, maana wa aina hii ndio husema "huyu si yule". Linganisha hereni, mpime tena, mwonyeshe orodha ya siku na dawa, na kama kuna dawa ambayo muda wake wa kungoja kabla ya kuchinja haujaisha, mwandikie tarehe. Usidhani sheria itakuruhusu kumzuia mnyama mpaka ulipwe. Mahali pengi haki hiyo haipo kwa anayelisha tu, isipokuwa kama mliiandika. Mpe mnyama maji, ila usimshibishe kabla ya safari. Gharama za utunzaji zipokelewe na karatasi isainiwe mnyama akiwa bado chini. Akishapanda garini, maongezi huwa mafupi.