Miche ya Australia, kipupwe cha pili

Mwaka jana mwezi wa saba nilipoteza miche 17 kati ya 24, nikalaumu baridi. Ni grevilea ya kichaka, ile fupi yenye maua mekundu, ndugu wa mgrevilea tunaouona kwenye mashamba ya kahawa kuanzia huku Arusha hadi Machame. Kwao ni Queensland, na ikiwa changa haivumilii jalidi. Basi nikaifunika kwa nailoni usiku na mchana, na kila kiriba nikakipa kiganja cha samadi ya kuku ili mche upate nguvu. Ikafa hivyohivyo.

Safari hii nilianza na kipimajoto. Nimekitundika usawa wa miche, hapa Ngaramtoni, nakisoma saa kumi na mbili asubuhi. Juni nzima hakikushuka chini ya nyuzi 9. Jalidi haikuonekana. Nikatazama hali ya hewa ya Brisbane, mji mkuu wa Queensland, na usiku wa Julai huko nako hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Kumbe baridi ni ileile, hata miezi ni ileile. Ila kipupwe chao ni kikavu na kina jua. Chetu ni ukungu na manyunyu, Meru hauonekani hata siku tano mfululizo.

12 Julai. Mche mmoja umelegea, mmoja wa ile michache niliyoiacha kwenye udongo wa zamani. Nimechana kiriba. Mizizi ya chini ni ya kahawia, na nilipovuta mmoja kwa vidole ganda likachomoka kama la haragwe lililolowekwa, ukabaki uzi mtupu. Hapo ni maji yaliyotuama. Nikachana na kiriba cha mche mzima ili nilinganishe: mizizi myeupe, yenye vishungi vilivyosongamana kama brashi ya viatu. Kwa vishungi hivyo mmea huu hukamua fosforasi, kirutubisho cha mimea, kwenye udongo maskini wa kwao. Ukiwekewa mbolea ya DAP au samadi ya kuku, zenye fosforasi nyingi, hauwezi kujizuia, hunyonya hadi ujidhuru. Mwaka jana majani machanga yaligeuka njano, kingo zikaungua, nami nikaongeza samadi. Bado inaniuma.

Mama jirani alinikuta nimeinama pale. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, mgrevilea nani aliwahi kuutilia mbolea?" Ni kweli. Udongo wetu wa majivu ya volkano hushikilia fosforasi, mti unapata kidogokidogo. Kwenye kiriba chenye samadi hakuna wa kuishikilia.

Mchanganyiko wa sasa ni moramu iliyochekechwa madebe mawili kwa debe moja la udongo wa shamba, basi. Viriba viko juu ya kichanja cha mianzi ili maji yapite. Nailoni nimeipandisha mita mbili, izuie manyunyu tu, pande zote wazi. Simwagilii mpaka nitie kidole na kitoke kikavu.

2 Agosti. Iliyo hai ni 21 kati ya 24. Mrefu kuliko yote una sentimita 38, na majani ya kileleni yana vinyweleo vya rangi ya fedha.

Itakaa kitaluni hadi mvua za vuli. Shimo la majaribio nimelichimba kwenye mteremko, juu ya banda la ng'ombe, ili mkojo na samadi visiifikie. Jana jioni nimelijaza ndoo mbili za maji. Leo asubuhi halikuwa na tone.