Namba nane

Ofisi imehamia ghorofa ya juu, dada kajifungua salama mtoto wake wa pili, na bado linalonirudia usiku ni swali la yule mwanafunzi anayeandika keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji.

"Mwalimu, nikiweka sti tu, skrini inaandika hitilafu maradufu. Mbona ya kwanza siioni?"

sti ni amri inayoruhusu makatizo, yaani ishara za vifaa, kuifikia CPU. Nikamjibu: "Kagua IDT yako."

Maneno matatu. Akalikagua siku tatu jedwali hilo, linaloiambia CPU iende wapi kwa kila hitilafu au katizo, maingizo yote 256, na yote yalikuwa sawa. Mbona ya kwanza siioni! Jibu alikuwa nalo mdomoni. Hitilafu maradufu hutokea CPU inaposhindwa kushughulikia hitilafu iliyotangulia. Ya kwanza isipokuwepo, hiyo ya pili lishuku jina lake. Aliyebisha hodi kwenye vekta ya 8, namba ya ingizo la hitilafu maradufu kwenye IDT, alikuwa saa ya kompyuta.

Intel ilikwisha kutenga vekta 0 hadi 31 kwa ajili ya CPU yenyewe. IBM, kwenye PC yake ya 1981, ikaziweka IRQ 0 hadi 7 (laini za makatizo ya vifaa; 0 ndiyo ya saa) kwenye vekta 8 hadi 15, na BIOS, programu za kuwashia kompyuta, zikairithi tabia hiyo. Ukiingia hali ya ulinzi (protected mode, hali ya CPU yenye ulinzi wa kumbukumbu) bila kuuhamisha mpangilio huo, saa na hitilafu maradufu wanagombania mlango mmoja. Saa hiyo hudunda takriban mara 18.2 kwa sekunde, ndiyo maana ilionekana kama sti yenyewe imelipuka.

Ningemwambia awashe QEMU, kompyuta ya kuigiza, kwa -d int -no-reboot -accel tcg (ukitumia KVM, inayoendesha keneli kwenye CPU halisi, logi hiyo huipati), kisha asome mistari iliyo juu ya v=08. Hitilafu ya kweli hutanguliwa na check_exception. Ya saa hutanguliwa na Servicing hardware INT=0x08. Steki nayo, kumbukumbu ambamo CPU huweka mahali pa kurudi, inasema: hitilafu maradufu husukuma msimbo wa kosa, saa haisukumi msimbo huo. Kwa hiyo kishughulikiaji (kipande cha programu kinachoitwa hitilafu au katizo linapotokea) kinachoondoa baiti 4 za msimbo kabla ya iret, amri ya kurudi, kinarudi pasipojulikana, na mashine inajiwasha upya.

Dawa huja kabla ya sti. Tuma 0x11 kwenye poti 0x20 na 0xA0 za PIC, chipu zinazopeleka makatizo ya vifaa kwa CPU. Kisha 0x20 kwenye 0x21, na 0x28 kwenye 0xA1. Kisha 4 kwenye 0x21, na 2 kwenye 0xA1. Mwisho 1 kwenye zote mbili hizo. Usivuruge mfuatano, kwa sababu baada ya 0x11 PIC haitambui baiti kwa thamani yake bali kwa zamu yake. Halafu ziba makatizo mengine yote: 0xFE kwenye 0x21, 0xFF kwenye 0xA1. Saa sasa iko vekta ya 32, ambako haimsumbui mtu.

Jana nilimwandikia hayo yote, na samahani juu yake. Leo alfajiri akajibu: "Saa imehesabu 1, ikanyamaza."

Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba kishughulikiaji lazima kimalizie kwa kutuma 0x20 kwenye poti 0x20 (EOI, ishara ya kumaliza katizo), la sivyo PIC inabaki ikidhani katizo la kwanza halijaisha. Sikuwahi kubonyeza kitufe cha kutuma.

"Acha, mwalimu. Nimesahau EOI. Sasa imefika 400."

Nimeisoma hiyo mara sita.

Diski ya nakala rudufu, lakini, inagonga tik-tik tangu Alhamisi, na picha zote za mama zimo humo.