Ukungu wa Limuru

Sisi tuliiogopa mvua. Tulikuwa tumefunga mtambo wa leza Limuru, unaorusha intaneti kwa mwanga hewani, kutoka paa la kiwanda cha chai hadi ofisi zao ng'ambo ya bonde, kama mita 700 hivi, na fundi mkuu akashikilia kwamba hatukabidhi kazi kabla ya masika. Aprili ikaja na mvua yake, ikamwagika usiku kucha, lakini mtandao haukutikisika. Matone ya mvua ni makubwa ila yameachana, mwanga hupata pa kupenya. Tukakabidhi, tukalipwa.

Julai tukapigiwa simu asubuhi na mapema: intaneti imelala.

Nilipofika juu ya paa sikuliona bonde. Kando ya barabara kulikuwa na nguzo za stima, zimeachana karibu mita 50. Ya nne ilikuwa kivuli tu, ya tano haikuonekana kabisa. Nikafuta kioo cha mtambo kwa kitambaa, kikalowa tena papo hapo. Kwenye kompyuta, kipimo cha mwanga unaopokelewa kilikuwa sufuri.

Vitone vya ukungu ni vidogo mno, hupimwa kwa maikromita (sehemu za milioni za mita), na hewa imejaa navyo. Kila kimoja huutawanya mwanga kidogo. Macho yakiishia mita 200, leza hupoteza takriban desibeli 85 kwa kilomita; kila desibeli 10 hupunguza mwanga mara kumi. Kwa umbali wetu ni kama 60: inayofika ng'ambo ni sehemu moja kwa milioni.

Mama mmoja mchuma chai alikuwa akipita chini na kikapu chake. “Kwani kijana, hamkuuliza watu? Huku Julai ndivyo kulivyo.” Alikuwa na haki. Chai ya kwanza Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, na haikupelekwa huko kufuata jua. Aliyekuja kupima eneo kwa niaba yetu alikuja Januari, anga jeupe, akapiga picha nzuri.

Mtu wa mauzo akapiga simu kutoka Nairobi: ongezeni nguvu ya leza mara mbili, yaishe.

“Mara mbili ni desibeli 3,” fundi mkuu akamjibu. “Ukungu umekula 60. Tuletee redio.”

Jioni hiyo tukafunga redio ya gigahezi 5 kwenye mlingoti uleule. Mawimbi yake ni marefu, ukungu hayaujali, ila intaneti yake ni ya polepole kuliko ya leza. Tangu hapo, wahasibu walilalamika kila Julai kwamba intaneti inakwenda mwendo wa kobe hadi saa nne, ukungu unapoinuka na leza kushika tena. Malalamiko hayo niliyapokea bila kinyongo.